Pingamizi la Jumapili ya Tatu

Mimi ndiye niliyesimama kanisani nikapinga ndoa ya binti yangu wa kumzaa. Ndiyo, mimi Taaka, muuza mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani. Wanaosema nilirukwa na akili waje waniambie mbele ya meza yangu pale sokoni, wasinong'one nyuma ya mabanda. Nitaeleza ilivyokuwa, halafu kila mtu apime mwenyewe nani alikuwa mwendawazimu.

Ilianza Jumapili ya kwanza ya Majilio. Katika kanisa letu hapa Busia, upande wa Uganda, ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye kujua kizuizi aseme mapema kabla watu hawajala pilau. Nilikaa benchi la tatu nimevaa gomesi mpya, shingo juu kama bata mzinga. Nilikuwa na haki ya kuringa. Binti yangu Justine ni muuguzi katika kituo cha afya huko Kwapa, na alikuwa anaolewa na Edgar Ojiambo, mwalimu wa shule, kijana mwenye adabu zake kutoka Funyula, ng'ambo ya Kenya. Ng'ombe walikwisha kuletwa. Harusi ilikuwa tarehe ishirini na saba Desemba.

Katekista wetu, Mwalimu Ochen, akafungua kitabu, akakohoa. "Natangaza ndoa kati ya Edgar Ojiambo wa Funyula, na Justine, binti wa Bwana Paddy Wandera wa Bulumbi."

Loo! Kanisa zima liligeuka kunitazama. Wale wanaojua walitazamana, na wale wasiojua waliwauliza wanaojua, pale pale, mbele za Mungu. Mwanamke wa nyuma yangu alisema "Kumbe!" kwa sauti ambayo hata watoto wa kwaya waliisikia. Aibu niliyoifukia miaka ishirini na mitano ilifukuliwa kwa sentensi moja, tena na mtu anayekula mukene wangu kwa mkopo.

Huyo Paddy nilimjua nikiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa na pikipiki na mdomo mtamu. Mimba ilipoingia aliniambia, mbele ya rafiki zake, kwamba mpakani hapa malori ni mengi na madereva ni wengi, nikamtafute baba wa mtoto huko. Hivyo ndivyo alivyosema. Sijasahau hata neno moja, na sina mpango wa kusahau. Siku hizi ni wakala wa forodha, ana nyumba ya ghorofa Bulumbi, na Desemba hiyo alikuwa anagombea uenyekiti wa wilaya. Picha zake zilibandikwa hadi kwenye vibanda vya chapati.

Aliyemlea Justine ni Oketcho, mume wangu, mtu wa kabila la Japadhola kutoka Nagongera. Ni mmoja wa wale wa kwanza waliokuwa wanavusha watu mpakani kwa baiskeli wakipiga kelele "boda! boda!", kabla vijana hawajaleta pikipiki zao na vumbi lao. Zamani zile alikuwa ananibebea vikapu vya samaki. Siku baba yangu aliponikokota uani akiwa na fimbo, akiniuliza, "Huyo tumboni ni wa nani?", Oketcho alikuwa ndiyo kwanza ameleta gunia langu la samaki. Yeye aliegemeza baiskeli ukutani kwa jiko, akaja akasimama kati yangu na fimbo.

"Ni wangu," alisema.

Hakuwa amenigusa hata kidole. Baba alimpiga fimbo mbili za bega na yeye hakurudi nyuma. Ndugu zake wa Nagongera walimwambia ni mjinga, anatoa mahari ya ng'ombe aliyekuja na ndama wa zizi lingine. Alitoa vilevile, ng'ombe mmoja mmoja, miaka minne. Uchungu uliponishika alinipeleka hospitali kwa baiskeli ile ile, mvua inanyesha, nimekalia mto wa wateja, yeye anasukuma kwa miguu kwenye kila mlima. Na mtoto alipozaliwa ni yeye aliyemwita Justine. Kitanda hakizai haramu, wahenga walisema, na mimi nilidhani maneno yamekwisha.

Sasa nikamgeukia pale benchini nione naye anachemka kama mimi. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Jumatatu asubuhi sikufungua meza. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mwalimu Ochen.

"Umekosea jina," nilimwambia.

"Sikukosea, Mama Justine. Nimesoma iliyoandikwa kwenye fomu."

"Nani aliandika?"

"Aliyeandika alikuwa na haki ya kuandika." Akafunga droo, akaweka na kiwiko juu yake. "Na Bwana Paddy ndiye atakayemshika mkono bibi harusi kumleta mbele ya madhabahu. Limekwisha kukubaliwa hilo."

"Na Oketcho?"

"Atakaa benchi la wazazi. Hakuna aliyemfukuza."

Nilitazama huku na huku, nikaona. Ukutani zilipangwa viti vipya vya plastiki, kama mia moja, na nyuma ya kila kimoja imeandikwa kwa rangi nyekundu: ZAWADI YA PADDY. Basi nikajua, au nilidhani najua. Nikamwambia Ochen kwamba Yuda aliuza kwa vipande thelathini vya fedha, angalau ilikuwa fedha, yeye ameuza kwa plastiki.

Kutoka hapo nilishika njia ya ofisi ya Paddy, karibu na yadi ya malori. Alikuwa nje na watu wake wa kampeni, amevaa fulana yenye picha yake mwenyewe, kana kwamba anaogopa kusahau sura.

"Mama Justine!" alisema, akafungua mikono. "Tumezeeka sisi. Tusameheane, tulee mtoto."

"Tulee? Mtoto ana miaka ishirini na mitano, Paddy! Unamlea nani? Unataka kumwachisha ziwa?"

Watu wake walicheka, yeye hakucheka. Alinisogelea akashusha sauti. "Mimi sikuiba kitu. Kamuulize mzee wako."

Nilichukua hilo kuwa tusi. Nilidhani ana maana mume wangu ni mnyonge, amekwisha kubali kwa hofu. Nilikuwa na kikombe kile cha bati ninachopimia mukene, sijui hata nilitoka nacho nyumbani kwa sababu gani, nikamtupia. Kilimpata begani. Kijana wake mmoja alinishika mkono akanitoa nje ya yadi, nami nilitoka nikimtaja Paddy na ukoo wake hadi barabarani.

Nyumbani nilimkuta Oketcho amepindua baiskeli uani, anapaka mnyororo mafuta.

"Baba Justine, umesikia wanachotaka kufanya? Paddy ndiye atakayemshika mkono mtoto!"

"Nimesikia."

"Halafu?"

"Wacha tu, Mama Justine."

Wacha tu! Mtu anaporwa mtoto aliyemvusha mpaka kila asubuhi miaka saba kwenda shule ya ng'ambo, kwa sababu tulisikia walimu wa kule ni wazuri, halafu anasema wacha tu. Nilimwambia mambo ambayo mke hafai kumwambia mume. Nilimwambia hana mgongo. Nilimwambia hata hiyo baiskeli ikisukumwa hulia, yeye halii. Aliendelea kuzungusha kanyagio kwa mkono, mnyororo unapita, anautazama. Ningekuwa na kikombe kingine ningemtupia na yeye.

Jioni Justine alipiga simu kutoka Kwapa. Nilikuwa nimejiandaa kumficha, lakini mtoto alinitangulia.

"Mama, hayo ya Paddy nilijua tangu nikiwa darasa la saba. Watoto wa shule waliniambia."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikuwa nakuja shuleni nimebebwa na Baba na narudi nimebebwa na Baba. Nilitaka nini zaidi?" Akaongeza: "Mama, mimi nataka yeye ndiye anishike mkono. Kama si yeye, nitaingia peke yangu."

Hilo ndilo lilikuwa pigano langu tangu siku hiyo. Si viti, si uchaguzi. Mkono wa mtoto wangu utashikwa na nani.

Jumapili ya pili jina likasomwa tena. Paddy alikuwa amekuja, kakaa mbele kabisa, na watu walimpa mkono wa hongera wakitoka. Alipokea hongera, nami nilisimama mlangoni nikihesabu wote waliompa mkono ili nisiwauzie chochote mwaka mzima. Nilipomaliza kuhesabu niliona kwamba ningefunga biashara, basi nikaacha.

Jumapili ya tatu ikafika. Justine alikuja, na Edgar wake pia alivuka kutoka Kenya na shangazi yake. Mchungaji wetu, Luke Aboth, alihubiri juu ya Yusufu, maana ilikuwa karibu na Krismasi.

"Malaika amesema," alihubiri. "Mariamu amesema. Zakaria alifungwa ulimi, na hata yeye mwisho alisema. Lakini Yusufu! Tafuteni katika Injili zote nne. Hakuna neno hata moja lililoandikwa kutoka kinywani mwake. Anaamka, anafanya. Anaambiwa, chukua mama na mtoto, vuka mpaka, nenda Misri. Anavuka. Mtoto si wa damu yake, lakini ni yeye aliyempa jina, na mji mzima ulimwita Yesu mwana wa Yusufu. Akina baba, mmesikia?"

"Amina!" alijibu Paddy, sauti juu kuliko wote.

Jamani. Nilishika benchi la mbele kwa mikono miwili. Nilijiambia, Taaka, kaa, hii ni nyumba ya Mungu. Nilikaa. Nilikaa mpaka Mwalimu Ochen aliposimama na kile kitabu, akakohoa, akasoma yale yale, binti wa Bwana Paddy Wandera wa Bulumbi, kisha akamaliza kama kitabu kinavyotaka: "Hii ni mara ya tatu ya kutangaza. Mwenye kujua kizuizi na aseme sasa."

"Mimi ninacho!"

Shangazi ya Edgar alishika kifua. Justine akaniambia, "Mama, keti," na mimi sikuketi.

"Napinga hilo jina! Mmetoka kumsifu Yusufu hapa, midomo haijakauka, halafu mnasoma jina la Herode! Baba wa mtoto huyu yuko hapa, benchi la tatu, viganja vyake vina sugu za baiskeli. Huyo wa mbele aliniambia nikamtafute baba kwa madereva wa malori. Asimame aseme hakusema! Nyinyi mmepewa viti mia moja mkakaa juu ya ukweli!"

Wengine walisema "Ee Mungu," wengine walisema "Mwacheni aseme." Mchungaji aliinua mkono. Paddy alisimama taratibu, akanyoosha koti lake.

"Ndugu waumini, mama ana hasira, na mimi namwelewa," alisema. "Lakini muulizeni mume wake ni nani aliyejaza fomu."

Nilicheka. Nilimgeukia Oketcho nikitegemea atatikisa kichwa.

Alisimama. Kofia yake ilikuwa mkononi na alikuwa anaizungusha kama usukani. "Mchungaji, ni mimi niliandika," alisema. "Paddy hakuandika, Mwalimu Ochen hakuandika. Ni hii mkono yangu."

Nilikaa bila kutaka. Na mtu huyu, ambaye katika ndoa yetu sijamsikia akisema sentensi tano mfululizo, alisema yote pale akiwa amesimama.

"Siku ya ng'ombe, shangazi ya Edgar alihesabu koo zao. Mama Justine alikuwa jikoni, hakusikia. Shangazi akataja ukoo moja ya upande wa bibi yao. Mimi nikakumbuka mama ya Paddy pia alitoka huko Funyula. Nikakosa usingizi. Wasamia hawa hawaoi ukoo ya baba, hawaoi ukoo ya mama, hawaoi ukoo ya bibi. Kwenye karatasi mtoto ni Japadhola kama mimi, hakuna mtu angeuliza. Mchungaji, mimi nilidanganya mara moja, kwa baba ya Taaka. Huo uongo sijautubu, na sitautubu. Lakini ningeuleta mpaka hapa, mtoto angeweza kuolewa na ndugu yake, na sababu ni mimi."

Akaigeuza kofia upande wa pili.

"Nikapanda baiskeli nikaenda Bulumbi. Nikamuuliza Paddy ukoo ya mama yake na ukoo ya bibi yake. Akasema ataniambia, lakini kwanza jina lake lisomwe kanisani, na siku ya harusi yeye ndiye ashike mkono ya mtoto. Nikampa neno langu. Akaniambia. Nikavuka nikaenda Funyula kuuliza wazee wao kama ni kweli. Ni kweli. Hakuna undugu. Hawa watoto wanaweza kuoana."

Nitasema ukweli wote, maana nimeanza. Mimi ndiye Msamia pale. Mimi ndiye niliyezaliwa ndani ya miiko hiyo, mama yangu alinifundisha koo za kuepuka kabla sijajua kuhesabu hadi ishirini. Na mimi sikufikiri! Jina la Paddy nilikuwa nimelifukia kwa chuki hata nikasahau kwamba damu yake inatembea ndani ya mtoto wangu. Aliyekumbuka ni mgeni wa Nagongera. Nilijikasirikia pale benchini kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, na nimewakasirikia wengi.

Lakini mdomo wangu haujui kutubu haraka. "Kwa nini hukuniambia?" nilimfokea.

"Ungekwenda kumpiga."

Kanisa lilicheka, na Paddy alijishika bega bila kujua. Sikuona cha kuchekesha. Nilisimama tena nikamwelekea.

"Ukoo wa mama yako mzazi, Paddy! Mtu amekuja kwako kwa baiskeli na heshima, anakuuliza ili mtoto, mtoto unayesema ni wako, asiingie kwenye mwiko. Na wewe ukaona hapo ni mahali pa kufanya biashara? Mama yako huko kaburini amesikia?" Ukoo wenyewe siutaji hapa, wenyewe wapo na wana masikio.

"Damu ni damu," alijibu Paddy, lakini hakuniangalia.

"Inatosha," alisema Mchungaji Luke. Akamgeukia Oketcho, akamwita kwa upole. "Mzee Oketcho, unataka tubadilishe jina?"

Nikamtazama. Justine alimtazama. Ilikuwa neno moja tu, ndiyo, na mambo yangeisha.

"Nilimpa neno, Mchungaji," alisema Oketcho, akakaa.

Mungu anisamehe, nilitamani kumfinya mpaka alie. Neno! Neno kwa mtu kama huyo! Na maudhi hayakuishia hapo. Mwalimu Ochen alifungua kitabu kingine, chembamba, akamwonyesha Mchungaji kwa kidole, na Mchungaji akatutangazia kwamba kwa kanuni ya kanisa letu pingamizi likishatolewa, liwe la aina gani, matangazo yanaanza upya, Jumapili tatu tena, na katika siku za Krismasi hakuna matangazo. Tarehe ishirini na saba ikafa. Harusi ikasogezwa hadi Jumamosi ya mwisho ya Januari.

Hasira hasara, wenye methali waliniimbia kila walipopita mbele ya meza yangu. Mahema yalikwisha kukodiwa. Wageni walikwisha kukata tiketi. Shangazi ya Edgar alinipigia simu akaniuliza, kwa Kiswahili safi cha Kenya, kama huwa napingana na kila kitu au ni harusi tu. Nilimjibu vizuri. Edgar peke yake ndiye aliyesema, "Mama, mimi nitangoja," na tangu hapo nilimpenda kijana huyo.

Januari matangazo yalisomwa upya, jina likiwa lile lile, mimi nimeuma meno. Kati ya Jumapili ya pili na ya tatu watu walipiga kura, na Paddy alishinda. Ndiyo, alishinda. Mungu ana sababu zake na mimi nina maswali yangu. Jumapili iliyofuata benchi la mbele lilikuwa tupu.

Siku ya harusi tuliwahi kanisani saa nne. Mgeni rasmi wetu wa kushika mkono hakuwapo. Saa tano hakuwapo. Oketcho alikuwa amesimama langoni kando ya baiskeli yake, ameisugua hadi inang'aa, amevaa koti la bluu aliloolea, limebana kwapani. Justine alikuwa ndani ya gari la kukodi na gauni la kukodi, anajipepea kwa kadi ya mwaliko.

Saa sita niliazima simu ya mtu nikampigia Paddy. Alipokea kijana wake.

"Mheshimiwa yuko kwenye kikao," alisema. "Ni harusi ya nani hiyo?"

Nilirudi kwa Oketcho mbio. "Wamesahau! Umesikia? Hawakumbuki hata ni harusi ya nani! Neno lako limekwisha, Baba Justine, amelivunja mwenyewe. Ingia na mtoto wako!"

"Tungoje kidogo," alisema. "Labda njia ni mbaya."

Njia ni mbaya! Kutoka Bulumbi, na yeye ana gari jipya! Nililia pale langoni, nililia kwa hasira tupu, nikijifuta pua kwa mkanda wa gomesi yangu. Mtu huyu angeweza kusimama pale mpaka Pasaka, akimngoja adui wake aje amnyang'anye mtoto kwa heshima, kwa sababu alisema atafanya hivyo. Na saa saba ikafika, na kwaya imekwisha kuimba nyimbo zote inazozijua, ikaanza kurudia.

Ndipo mlango wa gari ukafunguliwa. Justine akashuka mwenyewe, akainua gauni, akapita katikati ya watu hadi langoni kwa baba yake. Nilidhani anakwenda kumgombeza, amechukua damu yangu. Alipiga magoti. Pale pale, juu ya udongo mwekundu wa murramu, na gauni jeupe la kukodi, alipiga magoti kama binti anavyomwamkia baba yake asubuhi, akashika mkono wake kwa mikono miwili.

"Baba, neno lako umelitimiza," alisema. "Wewe ulimngoja. Sasa mimi siwezi kungoja tena."

Oketcho alitazama barabara ya Bulumbi mara moja ya mwisho. Kisha akamwinua. Walipoingia, magoti ya gauni yalikuwa na madoa mawili mekundu, na yanaonekana katika kila picha. Mwenye gauni alitudai sabuni, nami nikamwambia akaidai kwa mheshimiwa.

Mbele ya madhabahu Mchungaji Luke aliuliza kama kitabu kinavyouliza, "Ni nani anayemtoa binti huyu aolewe?"

Jibu ni "Mimi." Tulikwisha kumfundisha Paddy hilo, Oketcho hakuna aliyemfundisha. Alisimama amemshika Justine mkono, mdomo unafunguka na kufungika, na mimi nikakumbuka uani kwa baba yangu, na fimbo, na gunia la samaki limeanguka chini.

"Ni wangu," alisema.

Mara ya kwanza alipoyasema maneno hayo alikuwa anadanganya, na alipigwa fimbo mbili. Safari hii hakuna aliyempinga. Mimi nilisimama pale mbele nikageuka, nikatazama kila benchi, moja baada ya jingine, nikimngoja atakayethubutu.